Mikono ya Vijana katika Mikoko ya Mombasa

Msomaji, ukipata nafasi siku moja ya kulivuka daraja la Makupa kwa miguu, usiwe na haraka. Simama katikati uyatazame maji. Upande mmoja ni hori ya Tudor, itenganishayo kisiwa na Kisauni, kisha ikaingia ndani ya bara mpaka Mikindani na Jomvu. Upande wa pili ni maji yaendayo Port Reitz, yazungukayo Changamwe mpaka Mwache, na ng'ambo yake ni Mtongwe na Likoni. Kwa miaka mingi maji hayo mawili hayakukutana hapo, kwa kuwa katika zama za ukoloni palijengwa tuta la kupitishia barabara, nalo likawa kama mlango uliofungwa. Daraja lilipofunguliwa mwaka 2022, maji ya upande huu yakaamkiana tena na maji ya upande ule.

Bahari ikipwa utaona tope jeusi, na juu ya tope utaona mikoko. Mahali pengine imesongamana hata jua halipenyi. Mahali pengine imeachana kama meno ya mzee. Insha hii ni habari ya mapengo hayo: ni nani waliyoyafanya, na ni nani wanaojaribu kuyaziba.

Sababu ya kuiandika ni swali. Mimi ni mwalimu wa historia upande huu wa Changamwe. Siku moja nilikuwa nikieleza darasani habari za mapinduzi ya viwanda huko Uingereza, jinsi makaa ya mawe yalivyochomwa ili kuendesha mitambo, na jinsi moshi ule ulivyokuwa mwanzo wa joto linaloisumbua dunia leo. Msichana mmoja wa kidato cha tatu akainua mkono akasema, "Mwalimu, ikiwa moto waliuwasha wao, mbona sisi ndio tuambiwao tupande miti?" Darasa zima likacheka. Nami nilicheka, lakini sikuwa na jibu. Nikamwambia tutazungumza siku nyingine, kama walimu tufanyavyo tukishindwa, nikaendelea na somo.

Tuanze kwa kumpa haki yake. Hewa itokayo katika moto wa makaa na mafuta, ambayo wataalamu wetu wameiita hewa ukaa, hubaki angani miaka mingi, ikaifunika dunia kama blanketi, joto lisipate njia ya kutoka. Sehemu ya Afrika nzima katika hewa hiyo kwa mwaka ni kama nne katika mia, na sehemu ya Kenya haifiki hata moja katika mia. Bahari ikipata joto hutanuka, na barafu ya nchi za baridi ikiyeyuka huiongezea maji. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2008 ulikadiria kwamba bahari ikipanda kwa sentimita 30 tu, kiasi cha 17 katika mia ya ardhi ya Mombasa yaweza kufunikwa. Sentimita 30 ni urefu wa rula uliyo nayo mkobani.

Hata hivyo nasi hatuna mikono safi kabisa. Hapa Changamwe palikuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta, kilichoanza kazi mwaka 1963 na kuacha kusafisha mwaka 2013. Wazee wengi wa mtaa wetu walisomesha watoto kwa mshahara wake. Kule Bamburi, upande wa Kisauni, kiwanda cha saruji kilianza mwaka 1954 kuchimba mawe ya matumbawe ya kale na kuyachoma, na jiwe la namna hiyo likichomwa huitoa hewa ukaa liliyoifungia ndani yake tangu zamani za zamani. Lakini moshi wetu mbele ya moshi wao ni kibatari mbele ya tanuri. Msichana yule, basi, alisema kweli. Lililobaki ni kujua mikoko yahusikaje na habari hii, na kwa nini kila atajaye bahari kwetu huwataja vijana.

Mtu asiyezoea pwani akiona mikoko huona mti mmoja. Mtu aliyekulia kando ya hori huona miti mingi. Katika Kenya iko ya aina tisa, na kila aina ina jina lake na kikao chake. Mlilana husimama mbele kabisa, ukipigwa na mawimbi. Nyuma yake huja mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa. Kisha muia, kisha mkandaa. Na mchu, mti mvumilivu kuliko yote, huonekana mbele na huonekana tena nyuma kabisa, karibu na nchi kavu, mahali palipokauka pakajaa chumvi hata majani mengine hayaoti. Mkomafi, kikandaa na msikundazi ni michache, wala si kila hori inayo. Vikao hivi havikupangwa kwa bahati. Kila mti hukaa mahali ambapo hufunikwa na maji kwa saa unazoweza kustahimili, na ukihamishwa hatua mia mbele au nyuma aghalabu hufa. Nakuomba ulishike neno hili, maana nitalirudia.

Chini ya miti hiyo kaa hujificha, kamba na samaki wachanga hulelewa, na mawimbi hupoteza nguvu kabla ya kufika penye nyumba. Jambo jingine halikujulikana sana mpaka siku hizi za karibu. Majani na mizizi ifayo huzama topeni, na katika tope lile lisilo na pumzi haiozi upesi, bali hujizika tabaka juu ya tabaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliofanywa katika nchi za Bahari ya Hindi na Pasifiki, ulionyesha kwamba hekta moja ya mikoko huweza kuweka kaboni mara tatu mpaka tano kuliko hekta moja ya misitu mingi ya nchi kavu, na sehemu kubwa ya akiba hiyo imo ndani ya tope. Basi akataye mkoko amekata mti, na tena amefunua kaburi la moshi wa zamani.

Sasa turudi nyuma. Kwa karne nyingi miti hii ilikuwa mali. Ukiingia katika nyumba za mawe za Mji wa Kale au za Lamu, utashangaa kuona vyumba virefu lakini vyembamba. Mwashi wa zamani alikipima chumba kwa urefu wa boriti. Dari haikuweza kupita pale mti wa mkoko ulipokomea. Huko Uarabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu, boriti zetu zilitafutwa sana. Majahazi yalikuja kwa upepo wa kaskazi, yakiwa na tende, chumvi na mazulia, yakarudi kwa kusi yamesheheni miti. Biashara hii ilikuwa na lugha yake. Miti ilipangwa kwa unene, kuanzia fito, pau na mazio, ikafuata boriti, nguzo na banaa. Ikahesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Magome nayo hayakutupwa, kwa kuwa yana dawa ya kutengenezea ngozi, na katika siku za wakoloni yaliuzwa mpaka Ulaya.

Ni nani waliokata? Vitabu hutaja majina ya manahodha na matajiri, lakini wakataji hawatajwi. Walikuwa vijana aghalabu, kwa sababu kazi ile humshinda mzee. Mkataji huingia maji yakipwa, akazama topeni mpaka magoti, akiwa na shoka mkononi na mbu usoni. Hukata, huchambua matawi, hubeba begani mpaka penye mashua, na huna budi kumaliza kabla bahari haijarudi. Mwisho wa yote mali ilikuwa ya mwenye jahazi. Nalitaja hili ili usidhani kwamba mikono ya vijana imeingia topeni leo kwa mara ya kwanza. Imekuwamo siku zote, ila iliingia kwa amri ya mtu mwingine na kwa faida ya mtu mwingine.

Serikali ya kikoloni iliitangaza mikoko yote kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na kukata kukahitaji kibali. Kisha mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kupeleka miti hiyo nchi za nje. Wakati huo biashara yenyewe ilikuwa imekwisha punguka, kwa maana Ghuba ilipata utajiri wa mafuta, na watu wake wakajenga kwa chuma na saruji. Tazama vituko vya historia: mafuta yaliyoipumzisha mikoko shoka ndiyo yaliyo miongoni mwa sababu za bahari kuipandia leo.

Misitu mikubwa ya mikoko ya Kenya iko Lamu. Katika hekta kama 61,000 za nchi nzima, zaidi ya nusu ni za huko, na Mombasa ina sehemu ndogo isiyofika hekta 4,000. Lakini sehemu yetu ina adui ambaye Lamu hawakumjua kwa kiasi hicho, naye ni mji wenyewe. Watu walikuja kutafuta kazi bandarini, reli na viwandani; nyumba zikajengwa Mikindani, Chaani, Mishomoroni na Likoni kuliko mifereji na mabomba yalivyoweza kufuata. Maji machafu yaliteremka horini. Mwaka 1988 tangi moja la mafuta lilipasuka, na mafuta yake yakamwagikia hori ya Makupa, mikoko ikafa ikiwa imesimama. Kuni na makaa ya kupikia yakapanda bei, na tope likawa duka la maskini. Tena ndani kabisa ya mikoko ya Tudor, mahali askari asipofika kwa viatu vyake, palikuwa na mapipa ya kupikia chang'aa, na pipa hula kuni nyingi kuliko jiko la familia.

Kisha zikaja mvua za El Niño, mwishoni mwa mwaka 1997 na mwanzoni mwa 1998. Wazazi wako wanazikumbuka. Mito iliteremka na udongo wa mashamba ya Kwale, ikaumwaga Mwache na katika hori nyingine. Sasa ujue kwamba tope la mikoko halina hewa, kwa hiyo miti hii huvuta pumzi kwa mizizi iliyo juu. Ile ya mchu huchomoza kama vidole vya mtu aliyezikwa. Udongo ulipoifunika, miti ikakosa pumzi, na eneo kubwa likabaki magogo meupe. Mwaka huo huo wa 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe ya pwani yetu yakapauka na kufa kwa wingi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulilinganisha hali ya mwaka 1992 na ile ya 2009. Katika miaka hiyo 17, Mwache ilipoteza kiasi cha 45 katika kila 100 ya mikoko yake. Tudor ilipoteza kiasi cha 87. Niliposoma hesabu hiyo nilikumbuka utoto wangu, tulivyokuwa tukipita kando ya hori bila ya kutazama. Miti ilikuwa ikiondoka mbele ya macho yetu, nasi tukifanya mtihani wa jiografia ya Kanada.

Upande wa kupanda, mfano mzuri wa karibu uko Gazi, katika Kwale, ukivuka kivuko cha Likoni na kufuata njia ya kusini. Mikoko ya Gazi ilikatwa sana katika miaka ya 1970 kwa kuni za viwanda vya chokaa na matofali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtaalamu James Kairo, akishirikiana na watu wa kijiji, alianza kuotesha tena mahali palipokuwa uchi. Kazi ilikwenda polepole, kwa makosa na marudio. Mwaka 2013 kijiji kilianza mradi wa Mikoko Pamoja, ambao hutunza hekta 117 na kuuza, kwa wanunuzi wa ng'ambo, haki ya kaboni iliyohifadhiwa humo. Fedha zake zimeleta maji na vitabu vya shule. Mwaka 2017 mradi ulipewa tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Huko Vanga, mpakani, wakafuata mwaka 2019. Hesabu ile, msomaji, yaanza miaka ya 1990 na faida yaja 2013. Kijana aliyepanda akiwa na umri wako alipata kuwa mzazi kabla hajaona senti.

Kwetu upande wa bara wa Mombasa hapajawa na jambo kubwa la namna hiyo, lakini yapo mengi madogo. Katika Mikindani, Jomvu na Junda vipo vikundi vya vijana vyenye vitalu vya miche kando ya hori. Huokota mbegu, huzitia katika viriba, huuza miche kwa mashirika na makampuni yatakayo kupanda, na wengine huweka mizinga ya nyuki katika matawi, kwa sababu mkata kuni humcha nyuki kuliko askari. Wengi wao si wasomi wa bahari. Walianza kwa kukosa kazi.

Mimi niliingia katika jambo hili kwa kosa, na nitalieleza kwa kuwa lina faida kuliko sifa. Miaka michache iliyopita tuliletewa miche 300 shuleni pamoja na fulana na bango. Tulikwenda horini Jumamosi moja maji yakiwa yamekupwa. Miche yote ilikuwa ya mkoko, maana mbegu ya mkoko ni ndefu kama kalamu, huota ingali juu ya mti, na kuipanda ni kuichomeka tu. Mtoto yeyote aweza. Tulichagua mahali peupe, palipo wazi mbele ya miti, ili picha itoke vizuri. Watoto walifanya kazi kwa bidii mno. Hotuba ikasomwa, soda zikanywewa, tukarudi. Baada ya miezi mitatu nilikwenda na wanafunzi wawili kutazama. Hatukuupata hata mche mmoja ulio hai. Mingine ilichukuliwa na mawimbi, mingine ililiwa na kaa, mingine ilifunikwa na maganda ya chaza hadi kuvunjika.

Mvuvi mmoja wa kaa, mtu wa makamo, alikuwa karibu akitutazama. "Shikamoo, mzee," nikamwambia. "Marahaba, mwalimu. Mmekuja kuhani?" Akacheka kidogo, kisha akaonyesha kwa fimbo yake. "Hapa ni pa mlilana. Mmempandisha mkoko katika kiti kisicho chake. Na ile nyuma, pale palipokatwa, ndipo penye kiti chake kitupu. Mbona hamkuuliza?" Sikuwa na la kusema. Nilikuwa na shahada ya chuo cha ualimu mfukoni, na yeye alikuwa na fimbo ya kuchokolea mashimo ya kaa.

Baadaye nilisoma kwamba msiba wetu ni wa dunia nzima. Ufilipino, ambako mikoko ilipandwa kwa miaka mingi na kwa fedha nyingi, watafiti waliona kwamba aghalabu ni miche 10 hadi 20 tu katika kila 100 iliyoishi, na sababu kubwa ni ile ile: aina isiyofaa, mahali pasipofaa. Watu walipanda penye nafasi. Hawakutazama mahali ambapo mikoko ilikuwapo zamani ikaondolewa.

Kenya imejiwekea shabaha ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ilifanywa sikukuu ya taifa ili watu wapande. Siidharau shabaha hiyo. Nilipanda siku ile pamoja na jamaa zangu. Lakini naona hesabu ya miti ingefaa ifanywe mwaka wa tatu, wala si siku ya bango.

Yule mtu wa Bamburi alifahamu hili. Baada ya kiwanda cha saruji kuchimba matumbawe na kuacha jangwa jeupe, bwana mmoja Mswisi, René Haller, alipewa kazi mwaka 1971 ya kulifunika kwa miti. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili ni tatu, na mmoja wao, mvinje, ndio uliofungua njia. Lakini majani ya mvinje yalianguka yasioze, yakawa kama zulia kavu. Msaada ukatoka kwa jongoo, yule mkubwa mwekundu wa miguu ambaye watoto humrushia mawe. Alikula majani na kuacha mbolea. Leo ni msitu na mahali pa matembezi, na wengi wapigao picha na twiga hapo hawajui kwamba aina 23 zilikufa kwanza, na kwamba mtu alikaa akahesabu zilizokufa.

Nimekwisha kusema habari za maarifa. Limebaki jambo zito zaidi, nalo ni riziki. Nilipata kuwafundisha ndugu wawili wa mtaa mmoja ulio kando ya hori ya Tudor. Mdogo alikuwa katika chama chetu cha mazingira, mwepesi wa kushika majina ya miti. Mkubwa alikuwa amekwisha acha shule. Usiku, maji yakipwa, mkubwa alikuwa akikata mikoko na kuwauzia wapikaji wa chang'aa. Mdogo akijua. Siku moja nilitoa hotuba kali darasani juu ya waharibifu wa misitu, na baada ya kengele mdogo akanifuata, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, karo yangu yatoka huko."

Nieleze ningemjibu nini? Mti aliopanda asubuhi na mti uliokatwa usiku ulikuwa wa nyumba moja, na wote wawili walikuwa vijana, na wote wawili walifanya walilodhani ni wajibu wao. Mkubwa baadaye alipata kazi ya ulinzi wa kitalu katika kikundi kimoja. Alikuwa mlinzi hodari sana, kwa kuwa alijua njia zote za wezi. Kisha mradi ule ukaisha fedha, kama miradi inavyoisha, naye akarudi kutafuta vibarua. Sijui kama shoka alilitupa. Sikumwuliza, kwa kuwa sikuwa na kitu cha kumpa mahali pake.

Hili ndilo linalonifanya niwe mzito kuwaambia vijana wapande tu. Tangu sheria ya misitu ya mwaka 2005, na ile ya 2016 iliyoichukulia mahali pake, wananchi waishio karibu na msitu wanaruhusiwa kuunda chama na kushirikiana na serikali katika kuutunza na kupata faida zake. Mwaka huo huo wa 2016 ilipitishwa sheria ya mabadiliko ya tabia ya nchi. Vijana wengi wa vikundi wanaoingia topeni kila bamvua hawajaisoma hata moja. Huitwa siku ya kupanda, hupewa fulana, na siku ya kuandika mpango au kugawa faida hawaonekani katika chumba. Katika hayo hawatofautiani sana na wakataji wa boriti waliomjazia nahodha jahazi lake.

Wako waliokataa hali hiyo. Huko Lamu ilikusudiwa kujengwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, karibu na mikoko iliyo mingi kuliko yote ya Kenya. Wazee, wavuvi na vijana walipinga kwa miaka mingi, wakaandika, wakaandamana, wakasimama mbele ya baraza la mazingira. Na mwezi wa Juni mwaka 2019 baraza likaifuta leseni, kwa sababu, pamoja na mengine, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hapo hapakupandwa mti hata mmoja, lakini kwa hesabu yangu iliokolewa miti mingi kuliko tuliyoichomeka sisi kwa fulana zetu.

Msichana aliyeuliza swali lile amekwisha maliza shule. Kabla hajaondoka nilimwita, nikamwambia kwamba nimekuwa na deni lake la jibu. Nilimweleza habari za Ghuba na boriti, za Tudor na hesabu ya 87, za mvuvi na kiti cha mlilana. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo nilisema kweli." Nikamwambia ndiyo, ulisema kweli. "Na bado yafaa tupande?" Nikamwambia twende tukatazame.

Mara ya pili tulikuwa tumepanda kwa shauri la yule mvuvi, nyuma, mahali penye visiki, mkoko mahali pa mkoko. Na mbele tuliacha tope lilivyo, ila sehemu moja aliyotuchagulia mwenyewe, tukaweka mlilana tuliouotesha katika viriba. Hapakuwa na bango. Tulifika maji yakiisha kupwa, tukapita safu kwa safu, yeye akihesabu kwa sauti nami nikiandika. Katika mikoko 120 tulikuta 74 iliyo hai. Katika mililana 30 tulikuta 11. Mmoja wa ile 11 ulikuwa umezongwa na mfuko wa plastiki, umeinama mpaka maji ya kidimbwi yagusa majani yake. Msichana alivua viatu, akanipa nivishike, akaingia topeni kuufungua.